Marehemu Alipenda Watu Wote

Asubuhi nyingi simu yangu huanza kutetemeka kabla sijafumbua macho. Ni kundi la waandishi chipukizi. Mtu ametuma picha ya mlima, jua linachomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi, na juu yake maneno ya rangi ya dhahabu: Amka uandike, dunia inakusubiri. Chini yake wengine wanapiga makofi ya vikatuni. Hakuna aliyeandika kitu. Nikifungua mlango wa chumba changu hapa mjini, Pasua, kuitafuta hiyo dunia inayonisubiri, namkuta jirani anababua vichwa vya mbuzi kwa moto wa matairi. Harufu ya nywele zilizoungua inaingia kwenye shuka, kwenye mswaki, kwenye chai. Mlima wenyewe upo, ukitaka kuuona, kati ya tenki la maji na kamba ya nguo. Nimeuangalia tangu nizaliwe na haujawahi kunipa sentensi hata moja.

Nayasema haya kwa sababu watu wananiuliza. Wanajua nilisoma chuo kikuu, wanajua naandika hadithi, na wanaamini mtu anayeishi chini ya mlima mrefu namna ile lazima amejaa maneno. "Msukumo unautoa wapi?" Neno lenyewe linanichefua. Linanikumbusha mkokoteni.

Mchana ninafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Tunachapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi, lakini kinacholipa kodi ya pango ni misiba. Kwenye kompyuta kuna faili linaitwa Marehemu. Unalifungua, unafuta jina la wa juzi, unaweka la leo. Mengine hayaguswi: alikuwa mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu, alipenda watu wote. Siku moja nilisahau kufuta habari za kwaya, na mzee mmoja ambaye hakuwahi kuimba akazikwa akiwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mjane wake alirudi wiki iliyofuata. Nilidhani amekuja kugomba. Alikuja kushukuru.

Baba mkubwa alipofariki, ukoo haukuuliza nani ataandika wasifu. "Si yupo mwandishi?" Nikapanda kwetu Uru, kijijini mlimani. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanamenya ndizi, mikono imewaganda utomvu mweusi, na shangazi, dada wa marehemu na wa baba yangu, akaniwekea kiti cha plastiki katikati ya maganda.

"Andika alikuwa mcheshi."

"Shangazi, lini?"

"Wewe andika. Msiba si mahakama."

"Na hii ya kupenda watu wote? Jirani yake wa hapo mpakani hajasalimiana naye tangu mimi sijaanza shule."

"Jirani ni mtu mmoja. Wote ni wengi. Andika."

Wanawake wakacheka kwa pua, kimsibamsiba. Nikaandika.

Sikumpenda baba mkubwa, wala sioni sababu ya kuficha. Alikuwa haoi, anaishi na Bibi, mama yake, kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, kazi yake ng'ombe mmoja na migomba. Alichokonoa meno kwa spoku ya baiskeli kisha akainusa. Aliosha miguu kwenye beseni la vyombo. Akinywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, povu lilibaki kwenye masharubu mpaka liwe gumu, ndipo alipofuta kwa mkono, na mkono akaufutia kwenye mwimo wa mlango wa jiko, mahali palepale miaka yote, mpaka pakawa na baka jeusi linalong'aa kama ngozi ya fisi aliyelowa. Nilipokuwa mdogo nilipita mlango ule kwa ubavu. Nilipokuwa chuo, nikija likizo, alinipokea kwa maneno yaleyale: "Msomi! Bado unaandika uongo? Njoo uandike mavi ya ng'ombe, hayo yapo kweli." Mara moja aliwashia moto karatasi zangu, akaniambia zinawaka vizuri kuliko gazeti. Hakuwa anatania.

Basi siku ya mazishi wasifu ukasomwa. Alikuwa mcheshi. Alipenda watu wote. Watu wakalia, na jirani mwenyewe akainamisha kichwa pale nyuma. Baada ya kufukia, wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. "Umeandika vizuri, mwanangu. Kaza hivyo hivyo. Utafika mbali." Sijawahi kutiwa moyo namna ile maishani mwangu. Hadithi zangu, ambazo nilizisumbukia, zilikuwa zimepata makofi ya vikatuni. Huu uongo wa kwenye faili ndio uliopata machozi. Nilijisikia kama mtu aliyetapika akasifiwa mapishi.

Nikashuka mjini nimeamua. Nikajitoa kwenye lile kundi. Hadithi zangu nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki nikazisukumia chini ya kitanda, zikae na viatu. Kama kuandika ndiko huku, nilijiambia, heri kubabua vichwa; vichwa angalau vinaliwa.

Siku chache kabla ya misa ya arobaini, Bibi akanipigia kwa simu ya shangazi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Yule mliyemsoma ni nani?"

"Yupi, Bibi?"

"Yule mcheshi."

"Si baba mkubwa?"

"Mimi ndiye niliyemzaa. Huyo simjui. Nilikaa pale kwenye kiti nasubiri mumtaje mwanangu, hamkumtaja, mkafukia. Sasa nikimkumbuka ananijia huyo wenu. Amenyolewa, anacheka. Amekaa mahali pa mwanangu."

Kwenye simu nilimsikia ng'ombe.

"Uzee unafuta, mjukuu wangu. Wa kwanza kufutika ni sauti. Watu wakishatawanyika baada ya arobaini sitakuwa na wa kunikumbusha, nitabaki na huyo mgeni. Wewe umesomea. Niletee mwanangu."

"Bibi, mambo ya kweli hayasomwi msibani."

"Nani amekuambia usome msibani? Nisomee mimi."

Simu ikanyang'anywa. "Usithubutu," shangazi akasema. "Mama amechoka. Ukileta maneno yako ya ajabu hapa siku ya misa, majirani wamejaa, nakufukuza na hayo makaratasi yako. Umenielewa?"

Nilielewa. Nilikasirika pia, maana hata Bibi alikuwa ananitia moyo, nami nilishaacha. Lakini lile neno la mgeni kukaa mahali pa mtu lilinikera kama mchanga kwenye wali. Ni mimi niliyemkaribisha mgeni yule.

Niliandika dukani, wateja wakiningoja, ile harufu ya vichwa ikinifuata mpaka kule, maana nguo zangu zote zilikuwa nayo. Sikufungua faili. Nilianza na kitu kimoja nilichokichukia kuliko vyote, ile spoku, na spoku ikaleta kidole, kidole kikaleta ukucha wenye ulezi uliokaukia, na nyuma ya ukucha akaja yeye mzima, amekaa kwenye gogo, ananitukana. Nilishangaa jinsi nilivyomjua. Mtu unayempenda unamsamehe mambo, na ukishasamehe unasahau. Huyu sikuwa nimemsamehe kitu. Najiuliza mpaka leo kama ule ulikuwa ukweli au ni uchafu tu niliouchagua, kama wenzangu wanavyochagua dhahabu. Jibu sina. Najua tu kwamba nilipomaliza mteja aliyekuwa ananingoja alikuwa ameshaondoka.

Misa ya arobaini ikasomwa nyumbani. Padri akaondoka mapema, mbege ikaanza kuzunguka uani, na Bibi akaniita jikoni kwa kidole. Ni jiko la zamani: upande huu mafiga, upande ule, nyuma ya mbao, ng'ombe. Nzi walikuwa wanahama kutoka kwake kuja kwetu bila haraka. Bibi akaketi kwenye kigoda, akafunga macho.

"Haya."

Nikasoma. Nikasoma spoku na beseni. Nikasoma mlango, nikasema aliufutia mkono wa kulia.

"Kushoto," Bibi akasema. "Kulia ameshika kata."

Nikasahihisha. Nikashusha sauti, kwa sababu shangazi alikuwa ameingia kuchukua bakuli na hakuwa anatoka. Amesimama na bakuli mkononi, shingo imevimba. Nikasoma matusi aliyomtukana ng'ombe, ambayo siwezi kuyarudia hapa. Ng'ombe akapumua nyuma ya mbao.

"Kucha," shangazi akasema.

"Nini?"

"Umesahau kucha. Alikuwa anakata kucha za miguu anazitupa motoni, huku sisi tunakula." Akaweka bakuli chini. "Harufu ile! Yeleuwi. Nilikuwa namwambia, kaka, tupa nje, ananijibu nje zitaota."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, akatema mate majivuni, akafumbua macho. "Ananuka," akasema. "Huyu ndiye. Endelea."

Sikutaka kuendelea. Iliyofuata ilikuwa habari ya mpaka wa shamba, na shangazi aliliona hilo usoni mwangu.

"Hapo pa mpaka ruka," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali."

"Asome," akasema Bibi.

Nikasoma. Kati ya kihamba chetu na cha jirani kuna mstari wa masale, yale majani marefu ambayo kwetu ndiyo yanayosema hiki changu, hiki chako, na hayang'olewi hovyo. Baba mkubwa alikuwa anayang'oa. Aliamka kabla ya kuku, akayapanda hatua moja ndani ya shamba la jirani, akarudi kulala. Nilimwona kwa macho yangu nikiwa mtoto, magoti yana matope, anajichekea.

Nilipoinua uso, jirani alikuwa mlangoni.

Alikuwa amekuja kuaga. Ameshika kata ya mbege, masharubu meupe kwa povu. Shangazi akaufunika mdomo kwa khanga. Mimi nilianza kukunja karatasi.

"Usikunje," jirani akasema.

"Mzee, samahani, haya ni mambo ya..."

"Nimesikia. Umeandika alikuwa anausogeza alfajiri." Akamtazama Bibi, kisha mimi. "Na mimi nilikuwa naurudisha jioni, akiwa kilabuni. Hilo mbona hujaandika?"

Shangazi akaishusha khanga.

"Nimeurudisha tangu nina nguvu mpaka mgongo huu umepinda. Akiona nimeurudisha anatukana kutoka kwenye migomba, nami namtukana kutoka kwangu. Mke wangu alikuwa anasema nyie mnaongea kuliko wachumba." Akakoroga pombe kwa kuizungusha ndani ya kata. "Sasa tangu afe umekaa palepale. Kila asubuhi naenda kuangalia. Umekaa tu."

Bibi akasema, "Mwandikie."

Jirani akanyanyua kata, akaonja mwenyewe kwanza kama inavyompasa anayempa mtu pombe, akameza funda zima la povu na makapi ya ulezi, kisha akaninyooshea. Ukingo wa kata ulikuwa umelowa mate yake. Nikanywa. Ilikuwa chachu na ya vuguvugu, na kitu kikanishika kwenye meno. Yeye akapangusa masharubu kwa mkono wa kushoto na, bila kuangalia, akiwa anamwambia shangazi habari ya mvua, mkono akaufutia kwenye mwimo wa mlango, juu ya lile baka jeusi, akautelezesha chini mpaka mwisho.

Bibi aliuona ule mkono. Mimi pia.

Nikageuza karatasi upande wa pili, uliokuwa mtupu, nikaomba kalamu.