Daktari Vua Viatu na Wifi Yake

Kwenye kliniki ya watu wazima, jina lake halisi lilikuwa kwenye mlango tu. Watu wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi wagonjwa waliomzoea miaka nenda miaka rudi, walimwita Vua Viatu. Hakulichukia jina hilo, ila alijua alivyolipata, na hakuwa akiwasimulia watu.

Mwaka wake wa kwanza kazini alimjia dereva wa lori, mtu mnene, mcheshi, mwenye kisukari, akilalamikia kikohozi. Daktari akamsikiliza kifua, akamwandikia dawa, kikohozi kikapona. Wiki tatu baadaye dereva akaletwa juu ya machela. Kumbe siku ileile aliyokuja na kikohozi alikuwa na msumari umepenya soli ya kiatu na kumwingia unyayoni. Hakuusikia, kwa sababu sukari ilikwisha kumtia ganzi miguu yote miwili. Ikabidi mguu ukatwe chini ya goti. Dereva hakumlaumu hata kidogo. Alipozinduka alimwambia kwamba sasa akinunua pea ya soksi itamtosha mara mbili. Daktari akacheka naye, kisha akaenda chooni akajifungia, akalia.

Tangu hapo, mtu aje na kikohozi, kizunguzungu au kiungulia, aliambiwa kwanza avue viatu. Akibonyeza kifundo kwa kidole na shimo likabaki, anauliza habari za moyo na figo. Akikuta kidonda ambacho mwenyewe hana habari nacho, anapima sukari kabla ya kusikia hadithi nyingine yoyote. Foleni nzima ilimjua. Mzee mmoja mwenye presha alikuwa na soksi zake za kliniki, nyeusi, ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye harusi wala msiba. Mama mwingine alikuwa akipaka kucha rangi siku ya miadi, na daktari humsifia kwanza, ndipo wazungumze habari ya vidonge alivyoruka.

Mkono wake ulikuwa mwepesi na maneno yake machache. Wagonjwa arobaini kwa siku, na kila mmoja aliondoka akiona kama ameulizwa yeye peke yake. Ila akifika nyumbani anakuwa hana hata neno la akiba. Anakaa kwenye kochi, anafumba macho, na mumewe, mwalimu wa hesabu, anajua kumwacha hivyo nusu saa.

Ndipo wifi yake alipokuja kukaa nao.

Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa ametangaza treni stesheni kwa miaka ishirini na sita. Sauti yake iliwafanya abiria wainue vichwa hata kama treni haikuwa yao. Na nje ya kipaza sauti alikuwa hivyohivyo: mwanamke wa maneno, wa vicheko, wa kuingia jikoni kwako na kukueleza kwa nini vitunguu vyako vimeungua. Wakati anaolewa, daktari alimwogopa huyu kuliko mama mkwe.

Lakini aliyekuja na masanduku mawili hakuwa yule. Alisema amechoka kazi, ameomba kustaafu mapema kidogo, na vyumba vyake amevifunga kwanza. Alikuwa amenenepa, amezubaa. Alilala mchana, akaamka na kulala tena. Ukimuuliza jambo, jibu lilichukua muda, kana kwamba lilitoka chumba cha mbali. Alijifunika sweta wakati wengine wanajipepea. Alianza kuosha vyombo akaviacha nusu kwenye maji, na mara mbili akasahau jiko likiwaka.

Daktari alivumilia mwezi wa kwanza. Kufikia wa tano, uvumilivu ulikuwa umemwisha, akawa anabamiza makabati. Alimnong'oneza mumewe kwamba dada yake amegeuka mgeni wa hotelini. Mumewe akajibu, bila kuinua macho kwenye madaftari, kwamba labda ni uzee. Wifi mwenyewe alikwenda kituo cha afya cha jirani bila kuwasumbua, akaambiwa damu imepungua, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Akavimeza. Hakuna kilichobadilika, na nyumbani hakuna aliyemuuliza zaidi.

Siku moja asubuhi, daktari alisahau miwani yake mezani. Bila miwani aliona maandishi ya karibu, lakini uso wa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ulikuwa ukungu mtupu. Mumewe alikuwa na kipindi, basi wifi akavaa viatu, akaichukua, akaenda kliniki. Alipofika alikaa kwenye benchi ili apumue, akasinzia. Muuguzi aliyekuwa na siku ya tatu tu kazini akamkuta hapo, akamdhania mgonjwa kama wengine. Alimpima uzito, presha na mapigo ya moyo. Mapigo yalimshtua, akayahesabu tena kwa dakika nzima, akaandika arobaini na nane, akamvusha foleni. Wifi hakubisha. Alieleza baadaye kwamba kubisha kulihitaji nguvu asizokuwa nazo.

Vua Viatu alikuwa anamalizia kuandika habari za mgonjwa aliyetoka. Alisikia mtu akiketi kwa uzito, akasema bila kuinua kichwa:

"Karibu mama. Vua viatu, tafadhali."

Akainama. Miguu aliyoiona ilikuwa na soksi pea mbili, moja juu ya nyingine, na nje jua lilikuwa linachoma. Akazivua mwenyewe. Ngozi ilikuwa kavu, imepauka, baridi kama imetoka kwenye maji, na visigino vimepasuka. Vifundo vilikuwa vimevimba, lakini alipobonyeza, shimo halikubaki. Moyo na figo akaviweka kando kwanza. Akauliza, bado ameinama, kama mama huyu huhisi baridi wenzake wanapohisi joto.

"Sana," sauti ikajibu. Ilikuwa nzito, ya mkwaruzo, inatoka polepole.

Kichwani mwake jawabu lilikwisha kukaa. Alikuwa anafikiria tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili wote mwendo wake, na jinsi inavyoweza kuzembea pole pole mpaka mtu akadhaniwa mvivu au mzee. Akamhurumia mama huyu. Akajiuliza ni watu wa namna gani anaoishi nao, wasione.

Akainuka, akasogea karibu ili amtazame macho. Kope zimevimba, nyusi zimepukutika pembeni. Na mkononi mwa mgonjwa kulikuwa na miwani anayoijua.

"Wifi, ni mimi," yule mama akasema. "Nimekuletea miwani yako."

Daktari akaishika miwani asiivae. Alikaa kwenye kitanda cha kupimia. Miezi mitano alikuwa amekula meza moja na sauti ile.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

Wifi akajibu polepole: "Wewe ukirudi nyumbani umeshachoka na watu. Nikasema nisiwe mgonjwa wa arobaini na moja."

 Daktari alivaa miwani, akampigisha magoti wifi yake juu ya kiti, nyayo zikining'inia nje, akachukua nyundo yake ndogo ya mpira na kumgonga juu ya kisigino. Unyayo uliruka kama kawaida, lakini kurudi ulirudi taratibu, kama mtu anayeshusha kikombe kilichojaa. Akagonga wa pili. Vilevile. Akamwita muuguzi mpya aje aone, akamwonyesha, akamwambia amefanya vizuri kuhesabu mara mbili. Kisha akatoa damu mwenyewe, akaagiza na kipimo cha moyo.

Jioni hiyo hakukaa kwenye kochi. Alimwambia mumewe yote, na mwalimu akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu. Daktari akaenda chumbani kwa wifi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba msamaha kwa makabati na kwa mengine ambayo wifi huenda aliyasikia kupitia ukutani. Wifi alisema aliyasikia. Akasema pia kwamba hapo nyuma hakuwa mwepesi kwake, ile miaka ya vitunguu, kwa hiyo wahesabu wamelipana. Walishikana mikono, mmoja wa baridi na mmoja wa moto, wakakaa hivyo.

Majibu ya damu yalithibitisha. Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja kidogo cha kila asubuhi, maisha yote. Daktari alianza na kipimo cha chini kabisa. Wifi alipotaka kumeza viwili ili amalizane na jambo hilo haraka, alielezwa kwamba moyo uliozoea kwenda taratibu ukichapwa ghafla unaweza kugoma. Kikawa kimoja. Wiki sita zikapita, dawa ikaongezwa kidogo, na wiki nyingine sita, lakini vipimo viligoma kusogea. Daktari akaketi naye mezani asubuhi, akamwomba amwonyeshe anavyomeza, kila kitu kama siku zote. Wifi akajimiminia chai, akaweka kiganjani kidonge cha tezi, na pembeni yake kile cha kuongeza damu, akavirusha vyote mdomoni.

Vua Viatu akacheka mpaka akashika meza. Vidonge hivyo viwili havipatani: kile cha damu hukinasa chenzake tumboni kisiingie mwilini. Kuanzia hapo cha tezi kikamezwa na maji matupu, saa nzima kabla ya chai, na cha damu kikahamishiwa jioni.

Basi, ikawa kama mtu anarudi kutoka safari. Kwanza lilivuliwa sweta. Uvimbe wa uso ukashuka. Sauti ilijisafisha kidogo kidogo, na Jumapili moja mwalimu aliitwa kula kutoka nyuma ya nyumba, akasimama wima kama abiria. Mwezi uliofuata wifi alipanga upya makabati yote bila kuuliza, akatupa sufuria ambayo daktari aliipenda, na kumweleza kwa kirefu kasoro za wali wake. Daktari alikasirika kwelikweli. Katikati ya hasira akaona amefurahi, akaenda uani asionekane.

Kliniki, alibadilisha jambo moja. Baada ya viatu, alianza kuuliza kila mgonjwa anaishi na nani, na kama watu hao wameona badiliko lolote. Wengi walijibu kwamba hawajaona kitu. Aliandika hivyohivyo, akaendelea kuuliza.

Mwaka ulipokaribia kwisha, wifi alitaka vyumba vyake. Walimsaidia kubeba masanduku, wakafungua madirisha, wakafuta vumbi. Jumamosi ya kwanza daktari alikwenda kumtazama, akabisha hodi. Kutoka ndani akaambiwa asubiri, kuna mazungumzo ya simu na rafiki wa zamani, tena marefu. Akakaa kwenye ngazi, mfuko wa matunda mapajani, akimsikiliza akisengenya.