Kopo la Nanasi Lililoota Kitambi

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya duka moja pale Malindi, hapa Mjini. Akaingia bibi mmoja, akatoa kopo la nanasi mkobani na kulitua mbele ya muuzaji kwa mikono miwili. Kifuniko kimetuna kweli kweli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nibadilishie, mwanangu. Wakwe wanakuja kula leo, na hili limeota kitambi."

Muuzaji akarudi nyuma. "Usilifungue kabisa! Limeharibika, litawadhuru. Ulikuwa ukiliweka wapi?"

"Kwenye kabati la vioo, karibu na dirisha, wageni walione. Kila Ijumaa nnalifuta vumbi na kulipaka mafuta ya nazi lisishike kutu!"

Duka zima tukaangua kicheko, na yeye akatushinda kwa kucheka.

"Kopo halitaki jua, bibi. Liweke stoo, pakavu, pasipo joto, na mlile kabla tarehe yake haijapita."

"Stoo? Sasa nani atajua kama nnalo?"

Akanunua jipya. Kisha akalivuta lile bovu, akaanza kuibandua karatasi yake kwa ukucha, taratibu, picha ya nanasi isichanike.

"Karatasi ya nini tena, bibi?"

"Ya kabatini. Nanasi litakaa stoo, picha itakaa na wageni."

Enyi mabwana na mabibi afya, msihangaike kutukataza kujionyesha sisi watu wa Mjini. Tuelekezeni tu cha kuonyesha.