Neno Disko na Babu Yake Zaituni

Nafundisha Kiswahili sekondari moja hapa Nduguti, na mdomo wangu umeniponza. Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye maneno ya mkopo, nikawauliza wanafunzi neno "disko" limetoka wapi. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika, ila nilishajiandaa kusema ni la Kiingereza, basi.

Zaituni akanyoosha mkono. "Limetoka Ufaransa, mwalimu. Diskoteki ilikuwa mahali pa kutunzia santuri, baadaye wakaita hivyo ukumbi wa kuchezea muziki. Babu ndiye aliyenieleza."

Babu yake namjua kwa sura, yule mzee anayepitisha ng'ombe nyuma ya shule. Badala ya kukiri kwamba sijui, nikasema, "Mchunga ng'ombe na disko, wapi na wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Zaituni akakaa, na tangu siku hiyo hajanyoosha mkono tena.

Jana tulikuwa na kikao cha wazazi. Mzee akaingia na koti lake, kwapani ana santuri tatu kuukuu, na wazazi wenzake wakainuka kumsalimu kwa shangwe. Kumbe ujana wake wote alikuwa mpiga santuri ukumbini, Singida mjini! Mimi mgeni ndiye pekee nisiyejua.

Nikamwendea nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, babu."

Wanafunzi wangu walikuwa wamejaa madirishani.

"Marahaba yako ipo, mwalimu," akasema taratibu. "Nitakuitikia ukishamwomba radhi mjukuu wangu, mbele ya hao hao uliowachekesha."