Siku Baba Alivalishwa Shuka

Juzi hapa Kitengela walifungua hoteli mpya, wakavalisha wasichana wa Kikamba shuka nyekundu za Kimasai na kuwarukisha mbele ya wageni. Nilishikwa na hasira nikaondoka. Labda nazidisha, kwa sababu wenyewe walikuwa wanacheka.

Lakini nilikumbuka kanivali ya barabarani huko ng'ambo, wakati baba alikuwa anaosha vyombo hotelini na sisi tunaishi naye. Watu walijaa mpaka lami haikuonekana. Kulinuka nyama choma na pombe iliyomwagika, na ngoma zilinitetemesha kifua. Baba alikuja na filimbi yake acheze ngoma ya kwetu Machakos, ile ya kupinduka hewani.

Mwanamke aliyepanga gwaride la kanivali akakataa. "Hiyo hakuna mtu anaijua. Kenya ni Wamasai. Vaa hii shuka, uruke."

"Mimi ni Mkamba, madam."

"Nani atajua?"

Haki yake niiseme, alikuwa mpole na alininunulia soda. Mimi nilidhani baba amepandishwa cheo, maana shuka ilikuwa mpya na kila mtu alikuwa anampiga picha. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Aliruka na kuruka bila kutabasamu, nikafikiri watu wazima hufurahi hivyo.

Tulipofika nyumbani, nikamuuliza, "Baba, kumbe sisi ni Wamasai?"

Alikuwa anakunja ile shuka polepole.

"Leo ndio," akasema. "Nyanya yako akipiga simu, usimwambie."