Bati Juu ya Nyumba ya Duara

Mume wangu alipokwenda Molo kuendesha magari ya ng'ombe ya mzungu, aliniachia mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya, ng'ombe wa nyumba yangu, na paa lililokwisha. Mtoto na ng'ombe niliwaweza. Paa ndilo lililonila.

Nieleze kwanza nyumba zetu Wakipsigis zilivyokuwa, maana wajukuu wangu wamezaliwa ndani ya pembe nne na hawajui kitu. Nyumba ilikuwa duara, kuta za udongo, nyasi juu, na pale kileleni, katikati ya nyasi, ulitokeza mti mfupi uliochongwa. Huo mti haukuwa pambo. Ulisema kwamba mwenye nyumba yu hai. Mwanamume aliusimamisha mwenyewe, na siku ya kubadili nyasi ni yeye aliyeutoa na ni yeye aliyeurudisha. Akifa, mti unang'olewa, na kila apitaye njiani anajua bila kuuliza kwamba humo ndani sasa mna mjane, na kwamba ndugu wa marehemu ndiye atakayemsimamia yeye na ng'ombe wake.

Sasa mtu akienda Molo akakaa huko miaka, nani atabadili nyasi? Hilo wazee hawakuwa na jibu lake. Walipoweka desturi, hakuna aliyekuwa amewahi kwenda Molo.

Na nyasi zenyewe zilikuwa zimekuwa shida. Mteremko wa chini ya kwetu, ambako mama mkwe wangu alikata nyasi na mama mkwe wake kabla yake, ulikuwa umepandwa chai. Wazungu walikuja na kamba na vigingi nikiwa bado msichana, wakapima, wakang'oa, wakapanda, na tukianza kukata hata zile nyasi za kando ya mtaro, askari wa shamba alikuja na fimbo. Wageni husifu ile rangi ya kijani. Mimi niliitazama nikaona paa langu limechukuliwa kabla sijalikata. Ikabidi wanawake twende mbali, upande wa Chepalungu, tunatoka kungali giza na kurudi na mizigo mgongoni tukiwa hatusemezani kwa uchovu. Halafu nzige wakaja wakala hata hizo.

Paa langu lilianza kuvuja palepale kwenye mti. Majirani walikuwa watu wema, walinizibia huku chini, lakini kileleni hakuna aliyekubali kugusa. Mti wa mtu ni wa mtu. Nyasi zikaoza pembeni mwake zikazama, na maji yakawa yanaufuata ule mti na kushuka nao mpaka ndani, yakidondoka katikati ya moto wangu. Nilipika kwenye moshi. Mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kile cha kifuani kinachomfanya mtoto aonekane mzee, na usiku nilimlaza tumboni kwangu nikijikunja upande mmoja wa nyumba, upande uliobaki mkavu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kuniona. Alikuwa na nyasi. Alikuwa nazo nyingi, zimefungwa vizuri nyuma ya boma lake, na mpaka leo sijui alizitoa wapi mwaka ule.

"Kesho nitaleta vijana wakuezekee," aliniambia. "Pombe usihangaike nayo, nitaleta mimi."

"Na mti?" nikamuuliza.

Akatazama juu. "Mti wa ndugu yangu siwezi kuusimamisha mimi. Unajua mwenyewe. Tutaezeka bila mti, akirudi ataweka."

Alisema kwa upole sana. Ningekuwa mjinga ningemshukuru. Paa likikaa bila mti msimu mmoja, watu wangeanza kuniita mjane kwa mzaha, msimu wa pili bila mzaha, na msimu wa tatu ng'ombe wangu wangelala bomani kwake. Ng'ombe hao walikuwa wa nyumba yangu, walihesabiwa kuwa wangu siku niliyoolewa, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yanamweka mtoto hai. Nilimwambia tutangoja. Akaondoka, akaniacha na kikohozi cha mtoto.

Nilituma habari Molo kwa kila mwendesha gari la ng'ombe aliyekubali kunisikiliza. Paa limekwisha, njoo. Mtoto anaumwa, njoo. Jibu lilikuja mara moja tu, kwa mdomo wa kijana mmoja aliyekuwa akitazama miguu yake: nisubiri. Kumbe huyo kijana alijua mambo mengine pia, lakini hakutumwa kuyasema.

Miaka ile nilikuwa nauza mahindi kambini kwenye shamba la chai, kwa watu wa ziwani waliokuja kufanya kazi. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili changu, cha kugombania bei. Palikuwa na fundi mmoja, Mjaluo, mtu mnene mwenye kucheka, aliyekuwa amepata mabati ya zamani ya duka la Mhindi lililohamia barabara mpya. Yalikuwa na kutu na matundu ya misumari, lakini alisema matundu anayaziba kwa lami. Nikasimama mbele ya yale mabati nikapata wazo ambalo nililiona la akili kuliko yote niliyowahi kupata. Nyumba ya bati haina kilele. Haina pa kusimamisha mti. Basi hakuna atakayeweza kusema mti umetolewa.

"Nataka mapati," nikamwambia.

"Mapati!" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, unataka mapati au mabati?"

"Nataka hayo unayokalia."

Alikuja kuiona nyumba, akaizunguka, akatikisa kichwa. "Mama, hii nyumba yako iko duara kama sufuria. Bati hajui kusunguka. Bati nataka kona."

"Basi mpe kona."

Na kweli akampa. Alisimika nguzo nne nje ya ukuta wangu, akapiga boriti, akaweka paa la pembe nne juu ya nyumba ya duara, na mimi nikapandisha ukuta kwa fito na udongo mpaka ukakutana na bati. Kwenye pembe palibaki nafasi za wazi chini ya paa, nikaweka kuni na kuku. Nililipa kwa mahindi ya msimu mzima. Ule mti wa kileleni aliutoa yeye, maana kwake ulikuwa mti tu. Aliurusha chini, mimi nikauokota nikauegemeza ndani ukutani, mwenyewe akirudi aukute.

Watu walikuja kucheka, nami niliwaacha wacheke. Walisema nyumba yangu imevaa kofia ya mzungu na kichwa hakitoshi. Shemeji hakucheka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mti uko wapi?"

"Hili paa halina pa kuuweka," nikamjibu. "Nyumba ya mzungu wa shamba nayo haina mti, na mke wake si mjane."

Wanawake waliokuwepo waliangua kicheko, na yeye akaona aibu akaondoka. Nilifurahi sana siku ile. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu furaha hiyo sikuipata tena. Ilikuwa kiangazi. Nyumba ilikuwa kavu, moto ulikaa moto, na kikohozi cha mtoto kikapungua polepole mpaka nikaacha kukisikiliza. Niliringa. Nilikwenda kuteka maji nikiwa nimeinua shingo.

Mvua zilipoanza kurudi, mume wangu naye akarudi. Sikumpokea mimi. Alifikia kwa kaka yake, akalala huko, na habari nikaletewa na watoto. Alikuja kwangu siku ya pili, alasiri, mbingu ikiwa nyeusi. Alikuwa amevaa koti na viatu. Nilikuwa nimemtayarishia maziwa ya kibuyu, nimesafisha nyumba, nimempaka mtoto mafuta. Aliingia, akakaa upande wa pili wa moto, akatazama bati. Kabla hajapokea kibuyu, mvua ya mawe ikaanguka.

Aliyekaa Kericho anaijua mvua yetu ya mawe. Chini ya nyasi unaisikia kwa mbali, kama mtu anayetembea nje, na mnaendelea na maongezi yenu. Mimi chini ya bati nilikuwa nimesikia mvua ndogo tu. Siku ile nilidhani nyumba inaangushwa. Mtoto alilia na sikumsikia akilia, niliona mdomo tu. Na mume wangu, katikati ya kelele zile, akaanza kusema.

Nilimwona akisema. Aliinua kidole akaonyesha paa. Nikadhani ananisifu, au ananisamehe, nikaitikia kwa kichwa. Akaonyesha nje, upande wa boma la ng'ombe. Nikadhani anataka kuwaona ng'ombe mvua ikipita, nikaitikia. Akaonyesha upande wa kwa kaka yake, akasema kwa muda mrefu, akitazama moto. Nikadhani anasema amewaacha wazee huko wakimngoja na hatachelewa. Nikaitikia tena. Nilikuwa na haya. Nimekaa miaka bila mume, leo amekaa mbele yangu, na mimi nimpigie kelele, sema tena? Kwetu mke hamfanyi mumewe arudie maneno. Niliitikia na nikatabasamu. Mungu anisaidie, nilitabasamu.

Alikunywa maziwa, akamgusa mtoto kichwani, akatoka ikiwa bado inanyesha rasharasha. Nilipika. Nikaweka kuni nzuri. Hakurudi jioni, na asubuhi nikaambiwa ameshaondoka kwenda Molo na gari la ng'ombe lililopita alfajiri.

Shemeji alikuja siku hiyohiyo na vijana wake, akafungua boma langu, akaanza kuwatoa ng'ombe.

"Unafanya nini?"

"Mumeo alikuambia jana," akasema. "Ana mke Molo, ana watoto, hatakaa huku tena. Akasema kwa kuwa mti wake umekwisha kutolewa hapa, basi ng'ombe na wewe mtakuwa chini yangu. Alikuuliza kama unakubali. Ukakubali."

"Sikusikia! Ilikuwa mvua!"

"Uliitikia kwa kichwa mara tatu. Amesema mwenyewe mbele ya watu."

Nilishika mkia wa ng'ombe mweupe, yule mwenye maziwa mengi, nikaburutwa naye mpaka kijana mmoja akanibandua vidole.

Nilipeleka neno kwa wazee. Walikaa uwanjani siku ya jua kali, na waliniuliza kwa heshima, hilo siwezi kukataa. Mumeo alikaa ndani ya nyumba yako? Alikaa. Mbele yako, moto katikati? Ndiyo. Alisema? Alisema. Ukaitikia? Nikaeleza habari ya bati na mawe, na nilivyokuwa naeleza niliona nyuso zao zinakwenda mbali nami. Kila mmoja wao alikuwa amelala maisha yake yote chini ya nyasi. Walimwona mwanamke anayesema kwamba alikaa hatua chache kutoka kwa mumewe, ndani, na hakusikia neno hata moja.

"Njooni nyumbani kwangu," niliwasihi. "Kaeni ndani mpaka mvua ya mawe ianguke, msikie wenyewe."

Mzee mmoja akasema wazee hawaendi kukaa chini ya bati la mwanamke kungoja mvua. Mwingine, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu, akasema bati nilileta mwenyewe, basi na kelele zake ni zangu. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, wakainuka kwenda zao.

Ng'ombe walikwenda. Maziwa ya mtoto wangu nikawa naletewa na kijana wa shemeji, kwenye kibuyu kidogo, kutoka kwa ng'ombe wangu mwenyewe, na siku nyingine hayakuletwa. Mengine ya kuwa chini ya shemeji sitayaandika. Wanawake wa rika langu wanayajua, na waliobaki hawana haja ya kuyajua.

Kusoma na kuandika nilijifunza baadaye, kwa wamisheni, wakati mtoto ameshaolewa. Watu wa misheni walipenda sana kusikia kwamba nilikuwa wa kwanza kwetu kuezeka kwa bati. Waliliita jambo la maendeleo. Sikuwaambia habari yote.

Kwa miaka nilijilaumu mwenyewe, nikasema ni shingo yangu, ni kuringa kwangu, ni kuona haya kwangu. Mpaka siku moja nikiwa napalilia mahindi, gari la ng'ombe likapita kwenye barabara ya ng'ambo, mbali, ng'ombe jozi nyingi, na mwendeshaji akawapigia kelele. Nilisikia kila neno, tena jina la kila ng'ombe, kutoka ng'ambo ya bonde. Nikaacha jembe nikakaa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mume wangu. Sauti ile ndiyo iliyomlisha. Siku ile ndani ya nyumba yangu hakuinua sauti hata kidogo. Nakumbuka mdomo wake, ulikuwa unasogea polepole kama wa mtu anayesali. Na mvua ya mawe kwetu haikai. Maziwa aliyokunywa yalichukua muda mrefu kuliko hiyo mvua ya mawe. Angetaka jibu langu, angengoja iishe.