Bife Katikati ya Salon

Ubaya wa salon yetu, sebule ya kupokelea wageni, aliuleta baba mwenyewe, na hakupenda mtu auseme. Kampuni ilimpa nyumba yenye vyumba viwili vya kulala, salon ndogo na chumba kingine kidogo cha kulia. Wakati kazi ilikuwa bado kazi, baba alivunja ukuta uliotenganisha salon na chumba cha kulia, halafu akaifunga barza, kibaraza cha mbele, kwa matofali, ili apate salon kubwa kama ya wakubwa wake. Alichopata ni urefu tu. Kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa jikoni zilikuwa hatua kumi na nne. Upana ulikuwa hatua nne. Dirisha lilikuwa moja, upande wa barabara, na milango ya vyumba ilifungukia ubavuni, kwa hiyo kila aliyekwenda jikoni alipita kwenye magoti ya wageni.

Humo baba aliweka fotei nne, viti vya mikono vya mbao ngumu, meza ya watu wanane, na bife, lile kabati la vyombo lenye vioo, refu kunipita mimi. Vyote alivitengeneza seremala mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa mjini, fundi aliyejua kupima mbao lakini hakuja hata siku moja kupima chumba chetu.

Niliishi na vitu hivyo bila kuvifikiria mpaka mwaka ule kila kitu kilipoanza kuanguka. Mishahara ilikatika, shule zikafunga, nami nikabaki nyumbani na cheti changu cha ukataji na ushonaji ambacho hakikunisaidia kitu. Ndipo yaya, dada yangu mkubwa, alipofika kutoka Likasi pamoja na mume wake, watoto watatu, magunia mawili na sufuria. Shemeji alikuwa mtu wa mkoa wa Kasai kwa asili. Alizaliwa hapahapa Katanga, baba yake alifanya kazi hapahapa, lakini majira yale watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa, na nyumba yao ilikuwa imekwisha kuingiwa na watu wengine. Walisema watakaa siku chache, mpaka wapate nafasi kwenye treni ya Kasai.

Chumba kimoja kilikuwa cha wazazi, cha pili nililala mimi na wadogo zangu wawili. Ilibaki salon. Baba alikubali mara moja, sikumwona akisita hata kidogo. Lakini aliweka sharti.

“Salon iko ya bageni,” alisema. “Batoto balale, hakuna shida. Lakini muntu akifungua mulango, aone salon.”

Kisha akanikabidhi mimi kazi ya kuipanga, kwa sababu eti nilisomea mambo ya nyumba.

Nilianza kwa kuegemeza magodoro ukutani nyuma ya fotei, yawe yanatandikwa jioni na kuondolewa asubuhi. Fotei zikasogea mbele, na njia ya katikati ikawa nyembamba kiasi kwamba mama alipita na sinia la chakula akienda upande kama kaa. Siku ya tatu wamama wa parokia walikuja kusali, na godoro moja likamwangukia yule aliyeongoza sala. Hakuna aliyeumia. Baba alinitazama mpaka sala ikaisha.

Nikajaribu namna nyingine. Nilisukuma meza mpaka kona ya jikoni na kuwatandikia watoto chini yake. Wao walifurahi, wakaiita nyumba yao. Yaya hakufurahi. Aliniambia taratibu, bila hasira, kwamba alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, na sasa wanawe wanalala chini ya meza ya kulia. Niliwatoa kesho yake.

Adui yangu alikuwa ile meza. Bila meza, nusu ya nyuma ingekuwa chumba. Nilipima, nikachora kwenye karatasi ya miraba, nikampelekea baba.

“Baba, meza tuitoshe inje, tuifunike,” nilimwambia. “Batapata nafasi ya kukaa, hata kama ni miezi.”

“Ile meza haitoke.”

Nilimwuliza kwa nini. Akajibu kwamba mvua itaiharibu, kisha kwamba itaibwa, kisha akasema baba mwenye nyumba hawezi kula juu ya magoti. Nilimwambia tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku, na magoti yalitosha. Hilo sikupaswa kulisema. Mama aliniita jikoni, na ule mchoro sikuuona tena.

Basi nikaigeuza bife. Mimi, yaya na shemeji tulitoa vyombo vyote, tukaiburuta mpaka katikati na kuisimamisha ikate chumba kwa upana. Pengo lililobaki nililifunga kwa rido, pazia la kitambaa. Nyuma kulikuwa na magodoro, magunia na ile meza, mbele fotei za baba. Kwenye karatasi ingekuwa nzuri. Katika nyumba ilikuwa balaa. Ili yaya apate rafu za kuwekea nguo, vioo vilitazama nyuma, na wageni wakakaa wakitazama mgongo wa bife, ubao mwembamba wa tripleksi tupu wenye maandishi ya kalamu ya seremala. Mwanga wa dirisha ulikoma hapo. Moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, uliingia kutoka jikoni ukakosa pa kutokea, watoto wakakohoa mchana kutwa. Mama alipigilia kitenge juu ya tripleksi, kikaanguka, akapigilia tena. Kila aliyepita alijigonga kwenye kona ya bife, na kila aliyejigonga aliniita mimi.

Niliapa kuirudisha Jumamosi. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, vijana wawili wa barabara yetu walibisha. Tuliwajua tangu wadogo. Waliingia bila kusubiri, wakakaa kwenye fotei, na mmoja akamwambia baba kwamba watu wanasema ana wageni.

Baba alikaa mbele yao. Nyuma ya bife walikuwamo watu watano, na sikusikia hata kikohozi. Baadaye nilijua kwamba yaya alikuwa amewaziba wawili midomo kwa viganja vyake, na shemeji alimziba yule wa tatu.

“Mu nyumba yangu iko bibi yangu na batoto yangu,” baba alisema. Na hakudanganya, maana yaya alikuwa mtoto wake.

Kijana wa pili alikuwa anaitazama bife. Aliuliza kwa nini inawapa mgongo. Mama ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka na binti yake, akininyooshea kidole.

“Njo huyu. Kila siku anapangapanga nyumba. Hatujue anatafuta nini.”

Walicheka. Waliomba maji, wakanywa, wakaondoka. Nilipaswa kushukuru, lakini kwa muda mfupi, naona aibu kuandika, nilichosikia ni uchungu wa kuchekwa.

Jioni shemeji alikuja mbele, akasimama kando ya baba. Alimshukuru, akasema kesho wanakwenda gare, kwenye stesheni, kusubiri treni pamoja na wenzao. Baba alimwambia wabaki. Alisema mara mbili. Shemeji alijibu kwamba wale vijana watarudi, na safari ijayo hawatakaa kwenye fotei. Asubuhi tuliwasindikiza. Gare ilijaa watu wanaolala nje na masufuria yao, na tuliwaacha hapo, chini ya turubai ya familia nyingine. Walisubiri majuma.

Barua ya yaya ilifika baada ya msimu wa mvua, ikiletwa kwa mkono. Walikuwa wamefika Kasai, wanaishi katika darasa la shule, na shemeji alikuwa analima. Mtoto wa mwisho alikufa njiani kwa kuhara. Walimzika kando ya reli, mahali ambapo yaya hakujua panaitwaje.

Nilimsomea baba barua hiyo mezani. Nilipomaliza, nilisema jambo nililolibeba tangu siku ile.

“Kama meza ingetoka, bangebakia.”

Baba alikunja barua, akaikunjua. “Bangebakia nyuma ya bife mupaka lini?” aliuliza. “Wale batoto bangekohoa siku moja tu, na wale bijana bangebasikia.”

Si kwamba nilikubali. Niliinuka kwenda jikoni, nikajigonga kiuno kwenye kona ya meza, na baba akaisukuma kidogo kuelekea ukutani, kwa mkono mmoja, bila kunitazama.