Binti Asiyenyolewa

Alhamisi nilikuwa Katonga, mwaloni, na shangazi, tukiuza mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kutoka kokwa za mchikichi. Wakimbizi walikuwa wameshuka kutoka ng'ambo ya ziwa, na muuguzi alikuwa akiwakagua watoto vichwa.

"Mama, binti yako ana chawa. Tumnyoe tu, utapumzika na kazi ya kuchana."

Mama yule akafunika kichwa cha mwanawe kwa viganja vyote viwili. "Kwetu mtoto hunyolewa baba yake akifa. Wa huyu yuko nyuma, anakuja na mtumbwi mwingine."

Muuguzi akarudisha mkasi mfukoni. "Haya. Nakupa mpaka Jumamosi."

Shangazi akamsogezea mama yule chupa ya mafuta. "Mpake mengi, umfunge kitambaa. Asubuhi mchane kwa kichana cha meno yaliyobanana, kisha msuke kwa uzi. Usinilipe, dada."

Sisi shuleni tulinyolewa sote, wala hatukuuliza. Tangu nilipoacha masomo nywele zangu zimerefuka, na watu hunisifu kana kwamba nimepata kitu.

Jumamosi nilipita tena. Mtoto alikuwa amesukwa mistari minne iliyonyooka, inang'aa. Muuguzi aliipapasa, akatikisa kichwa kukubali. Mama mtu hakumwona. Alikuwa anatazama ziwani.